Tumeshazoea Kelele, Moyo Bado

Ukimuuliza mtu anayeishi nyuma ya baa Sinza, au ghorofani Kariakoo, au jirani na stendi ya Mbagala Rangi Tatu, jijini Dar es Salaam, analalaje na zile kelele, jibu huwa moja: "Aah, tumeshazoea." Analisema bila kinyongo, kama anayezungumzia joto la Februari.

Jibu hilo lina ukweli nusu. Kinachozoea ni hasira: kitu kilichokukera wiki ya kwanza, mwezi wa tatu hukijali tena. Mwili wenyewe hauzoei. Na sikio likionekana limezoea, mara nyingi ni kwamba limeanza kufa, ndiyo maana mziki uleule sasa unauona wa kawaida.

Nataka kulieleza hili kwa hesabu, kwa sababu mjadala wa kelele hapa kwetu hugeuka haraka kuwa ugomvi: baa na kanisa, msikiti na mpangaji aliyehamia juzi, machinga na mwenye duka. Desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, haina dini wala chama. Ukiweza kuipima unaweza kuipunguza, na sehemu kubwa ya kuipunguza haigharimu hata shilingi.

Kinachotokea umelala

Macho unayafumba, masikio hayafumbiki. Usiku ukiwa umelala fofofo, sikio liko zamu. Bodaboda iliyotolewa sailensa ikipita saa tisa usiku, sauti yake inafika kwenye ubongo kabla wewe hujajua lolote, na sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zinafanya kazi yake ya tangu enzi za simba: homoni za adrenalini na kotisoli zinamwagwa kwenye damu, mapigo ya moyo yanapanda, mishipa inabana. Huenda usiamke kabisa. Asubuhi utasema umelala vizuri.

Ndiyo maana "nimezoea" haithibitishi kitu. Watafiti wa usingizi wamewalaza watu wakiwa wamefungwa vipimo vya ubongo na moyo, wakawapigia sauti za magari na ndege usiku kwa usiku. Baada ya siku chache watu wanaacha kuamka. Moyo unaendelea kuruka kila sauti inapopita, usiku wa kwanza na usiku wa kumi.

Fanya hivyo kwa miaka na presha inapanda. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa kelele kwa kanda ya Ulaya wa mwaka 2018, lilikusanya tafiti za kelele za barabarani na kukuta kwamba kuanzia desibeli 53, kila nyongeza ya desibeli 10 inaendana na ongezeko la asilimia 8 la magonjwa ya moyo yanayotokana na mishipa kuziba. Wakala wa Mazingira wa Ulaya nao, kwenye ripoti yao ya mwaka 2020, walikadiria kwamba kelele za muda mrefu huchangia wagonjwa wapya 48,000 wa moyo na vifo vya mapema 12,000 kila mwaka barani humo. Hao ni watu wenye madirisha ya vioo viwili na sheria za honi zinazofuatwa.

Kwetu mgonjwa wa presha anaulizwa kuhusu chumvi, uzito, sigara na pombe. Ni maswali sahihi. Ningependa liongezwe moja: unalala wapi? Mtu anayemeza vidonge kila asubuhi na kulala kila usiku mita thelathini kutoka kwenye spika anapanda ngazi inayoshuka.

Desibeli si kilo

Hapa ndipo wengi wanapopotea, hata baadhi ya wanaotumwa kupima. Desibeli haijumlishwi kama kilo za unga. Spika mbili zinazolia 80 kila moja hazitoi 160, zinatoa 83. Kumi zinatoa 90. Kila unapoongeza 3, nishati ya sauti inazidi maradufu. Ukiongeza 10, nishati imekuwa mara kumi, ingawa sikio lako linaisikia kama mara mbili tu. Sikio linatudanganya kwa upole, na uharibifu unafuata nishati, haufuati unavyojisikia.

Kutokana na hapo inakuja hesabu ya dozi. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni wastani wa desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Ukipanda 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni nusu saa, 100 ni dakika 15. Ukitaka kujua umekula dozi kiasi gani, gawanya saa ulizokaa kwa saa zinazoruhusiwa.

Chukua mpiga debe. Tuseme anasimama pale ambapo kipimo kinasoma wastani wa 91, kati ya injini, honi na wenzake wanaoita abiria. Anasimama saa 10. Zinazoruhusiwa ni 2. Amekula dozi ya asilimia 500 kwa siku moja, na kesho atarudi. Abiria aliyepita pale kwa dakika kumi hana la kulalamika. Wanaoumizwa kwanza na kelele za maeneo ya wazi ni wale wanaofanya kazi ndani yake: mpiga debe, konda, dereva, fundi wa kuchomelea, kijana wa mashine ya kusaga, mhudumu wa baa, na DJ mwenyewe.

Kama huna kipimo, tumia mkono. Msimamishe mtu umbali wa mkono ulionyooshwa, yaani kama mita moja. Kama lazima upaze sauti ndipo akusikie, hapo mmeshafika 85 au mmezidi.

Ndani ya kila sikio kuna seli karibu 16,000 zenye vinyweleo, zimepangwa kwenye kiungo kilichojikunja kama konokono. Sauti inavilaza vinyweleo hivyo jinsi miguu inavyolaza nyasi za njia ya mkato. Wakipita watu wachache, nyasi zinainuka usiku. Wakipita kila siku, panabaki udongo. Na seli hizi hazioti tena. Ule mlio wa "nziiii" unaoondoka nao ukumbini ni dalili kwamba nyasi zimelala. Mlio ukiisha kesho yake si ushahidi kwamba zote zimeinuka.

Zinazotangulia kufa ni zile zinazopokea sauti kali za juu, kati ya hezi (mitikisiko kwa sekunde) 3,000 na 6,000. Huko ndiko zinakokaa herufi kama s, f, sh, th na ch. Irabu ziko chini, zinabaki. Kwa hiyo mzee wa gereji hasemi "sisikii." Anasema "nasikia, ila nyie vijana hamtamki." "Fika" na "shika" kwake ni neno moja. Anaongeza sauti ya televisheni, na irabu ndizo zinazozidi kuwa kubwa. Watu wa nyumbani wanadhani ni ubishi wa uzee.

Kariakoo na mashindano yasiyo na mshindi

Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo kila machinga analijua kwa koo lake: mtu akizungukwa na kelele, sauti yake inapanda yenyewe bila kukusudia. Leo koo limebadilishwa na kipaza sauti chenye kadi ya kumbukumbu, kinachorudia "elfu mbili mia tano, elfu mbili mia tano" kuanzia asubuhi hadi jioni. Jirani yake akiongeza, naye anaongeza. Kumi wakiwa wameongeza, mteja haelewi hata mmoja anasema nini.

Hesabu yake ni rahisi na ningependa viongozi wa masoko waishike. Mteja anamsikia muuzaji kwa tofauti iliyopo kati ya sauti ya huyo muuzaji na sauti za wengine. Kumi wote wakipunguza desibeli 10, tofauti kati yao inabaki ileile. Kila mmoja anasikika kama mwanzo, na nishati inayoingia masikioni mwao imeshuka mara kumi. Hakuna aliyepoteza mteja. Lakini akipunguza mmoja peke yake, anazimwa. Kwa hiyo hili haliwezi kuachiwa hiari ya mtu mmojammoja. Ni la kukubaliana mstari mzima wa meza, siku moja, na kuweka alama ya rangi kwenye kitufe cha sauti isiyovukwa.

Na kipaza sauti chenyewe, kisitundikwe kifuani wala kuwekwa mezani kikimwelekea muuzaji. Kikitoa 100 ukiwa umbali wa mita moja, kikiwa nusu mita ni 106, na 106 inaruhusiwa chini ya dakika nne kwa siku. Kipeleke mita mbili mbele ya meza, mgongo wake ukiwa upande wako. Mteja atasikia vilevile. Wewe utapata sehemu ndogo.

Spika ya tarumbeta na kanuni ya desibeli 6

Spika ya tarumbeta, ile ya bati inayofungwa kwenye paa, mnara au gari la matangazo, ni kifaa chenye ufanisi mkubwa mno. Ikilishwa wati 30 inaweza kutoa karibu desibeli 120 ukiwa mita moja mbele yake. Kwenye uwazi, kila umbali unapozidi maradufu unapunguza desibeli 6. Mita 2 ni 114, mita 4 ni 108, mita 8 ni 102, mita 16 ni 96, mita 32 ni 90, mita 64 ni 84, mita 128 ni 78. Kuta na nyumba zinapunguza zaidi, lakini ikiwa juu ya mnara inaruka nyumba za karibu na kushukia za mbali. Ndiyo maana wenye nyumba ya ibada au baa huapa kwa dhati kwamba "hapa chini hata haisikiki." Ni kweli, pale chini haisikiki.

Kinachokosewa karibu kila mahali ni kutaka spika moja ihudumie uwanja mzima. Ili mtu wa mwisho, mita 32, asikie, wa mbele anapigwa na mtaa wa pili unapigwa. Ukiweka spika ndogo nane, kila moja ikihudumia watu walio ndani ya mita nne tu, zimeinamishwa kuelekea vichwani mwao, unahitaji 75 pale walipo, yaani 87 kwenye mita moja. Zote nane zikijumlishwa, mtu aliye mita 128 anapata karibu 54 badala ya 78, wakati waumini wanasikia mahubiri vizuri kuliko mwanzo, kwa sababu mwangwi umepungua. Nyaya zinaongezeka, hilo ndilo gharama. Mafundi wanaofunga spika za shule na hoteli wanaijua kazi hii. Waulize mfumo wa volti 100, ambao unaruhusu spika nyingi kwenye waya mmoja mrefu.

Kama lazima tarumbeta ibaki, inamisha mdomo wake chini, na ugeuze mgongo kwa nyumba zilizo karibu. Pembeni na nyuma, sauti kali za juu hupungua desibeli 10 au zaidi. Hiyo ni ngazi, spana na nusu saa.

Muda nao ni sehemu ya dozi. Adhana ya dakika chache na kesha la saa saba haviwezi kusemwa kwa sentensi moja, hata kama kipimo kinasoma namba ileile. Vivyo hivyo harusi ya Jumamosi moja na baa ya kila siku.

Besi haijali ukuta

Mtu anayejenga karibu na ukumbi hufikiri ukuta wa tofali la inchi sita utamkinga. Utamkinga na maiki, hautamkinga na besi. Sauti ya hezi 4,000 ina urefu wa wimbi wa sentimita 9 hivi. Ya hezi 50 ina karibu mita 7. Wimbi la mita 7 linazunguka pembe, linapita juu ya uzio, linatikisa mabati na vioo. Ndiyo ile "duf, duf" inayobaki wakati wimbo wenyewe husikii.

Halafu kuna matundu. Nyumba zetu za pwani zinapumua: madirisha ya nyavu, matundu ya hewa juu ya lenta, nafasi kati ya ukuta na bati. Ni sawa, bila hivyo tungeiva. Lakini kwa sauti, tundu ni mlango. Ukuta unaoweza kukata desibeli 45, ukiacha asilimia 1 ya eneo lake wazi, unakata 20 tu. Kwa hiyo kabla ya kununua kitu chochote, chukua tochi usiku, zima taa, mtu asimame nje akimulika, na utafute mwanga unapopenya. Ziba kwa udongo wa saruji matundu yote ya upande wa kelele na ufungue mengine upande ulio kimya, ili hewa isipotee. Weka mpira chini ya mlango. Hamisha kitanda kwenye chumba cha nyuma. Mara nyingi hiyo peke yake inazidi kila kitu kingine.

Usipoteze fedha kwenye trei za mayai. Zinapunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba, haziuzuii mziki wa jirani kupita. Magodoro ya sponji ukutani ni vilevile. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba. Michongoma nayo inaliwaza jicho tu: mstari mmoja wa majani hauzuii kitu kinachopimika. Uzio wa tofali unasaidia ukikata mstari wa macho kati yako na chanzo, hapo unapata kama desibeli 5, kisha kama 1.5 kwa kila mita ya kimo inayoongezeka. Uwe karibu na chanzo au karibu nawe. Ukikaa katikati ya uwanja unafanya kazi kidogo.

Kwa mwenye baa

Naandika haya kwa wenye biashara wenye nia njema, nao wapo wengi. Spika zielekezwe ndani, migongo kwa makazi. Sabufa isiegemezwe ukutani, na kamwe isiwekwe kwenye kona: ukuta mmoja unaiongezea desibeli 3 hadi 6, kona inaongeza zaidi, na ongezeko hilo lote unampelekea jirani. Ikae juu ya mpira mzito ili isitikise sakafu. Ikifika saa nne usiku, kata masafa yote yaliyo chini ya hezi 80 kwenye mixa. Wateja hawataondoka, wengi hawatagundua.

Kisha tembea hadi ukuta wa jirani na kipimo, mwenzako akipandisha sauti polepole, na pale namba inapofika kikomo cha sheria, kilichotajwa mwishoni mwa makala hii, weka utepe kwenye mixa. Bora zaidi ni kifaa cha kuzuia, kinachofungwa na kufuli. Bila hicho, utepe utavukwa, na si kwa ukorofi. DJ akiwa amekaa saa mbili kwenye 100, masikio yake yamechoka, anasikia kidogo kuliko mwanzo, kwa hiyo anapandisha. Saa sita usiku anapandisha tena. Ukipima kila saa utaona namba inapanda wakati wateja wanapungua. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitoa mwaka 2022 kwa kumbi za burudani ni wastani usiozidi 100 kwa kila dakika 15, pamoja na sehemu tulivu ya kupumzisha masikio na vizibo kwa anayevihitaji.

Ndani ya daladala na matatu zenye mziki mnene, mambo ni yaleyale ila kwenye boksi la bati. Sabufa iko chini ya kiti cha nyuma, kwa hiyo anayekaa pale anapokea kuliko wote. Ukipata siti, kaa mbele.

Jenereta: ielekeze eksozi mbali na madirisha, iweke juu ya mpira, usiifungie kwenye boksi lisilo na hewa. Imeua watu kwa moshi.

Watoto

Shule ya msingi PS 98 huko Manhattan, New York, ilikuwa karibu na reli ya juu. Treni ilipita kila baada ya dakika nne na nusu hivi, na darasani sauti ilifika 89. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Arline Bronzaft alilinganisha watoto wa upande wa reli na wa upande wa pili wa jengo hilohilo. Wale wa darasa la sita upande wa reli walikuwa nyuma karibu mwaka mzima kwa kusoma. Baadaye mamlaka ya usafiri ikaweka mipira chini ya reli, na shule ikaweka dari ya kunyonya sauti. Alipopima tena, matokeo yakachapishwa mwaka 1981: tofauti ilikuwa imekwisha.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unataka kelele zilizo nyuma ya sauti ya mwalimu darasani zisizidi 35 wakati wa masomo. Shule nyingi za pembeni ya barabara zetu haziwezi kulifikia hilo, lakini zinaweza kuchagua. Darasa la kwanza na la pili, wanaojifunza kusoma, wapewe vyumba vya nyuma. Ofisi, stoo na maktaba ya vitabu vya ziada vikae upande wa lami. Mtoto anayejifunza neno jipya hawezi kukisia herufi asiyoisikia, tofauti na mtu mzima anayejaza mwenyewe.

Kulinda masikio yako leo

Vizibo vya sponji vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini. Pamba haikingi. Vingi vinavaliwa vibaya, vikiwa vimechomoza nusu. Nawa mikono, kisokote kizibo mpaka kiwe chembamba kama njiti, pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 30 kikitanuka. Ukijisikia sauti yako imekuwa nzito kichwani, kimekaa. Namba iliyoandikwa kwenye pakiti igawe kwa mbili ndipo uiamini: kilichoandikwa 30, hesabu 15. Hata hiyo 15, kwa mpiga debe wa 91, inamshusha mpaka 76.

Kupima na kulalamika

Tanzania inazo Kanuni za Viwango vya Udhibiti wa Kelele na Mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kwenye makazi kikomo ni 50 mchana na 35 usiku; makazi yaliyochanganyika na biashara ni 55 na 45. Kenya ina kanuni zake za 2009, ambako usiku unaanza saa mbili na kikomo nje ya nyumba ni 35. Mwishoni mwa 2022 Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, alitangaza kuondoa leseni za vilabu vya usiku vilivyo kwenye makazi. Kwa maoni yangu 35 ni namba ngumu kuisimamia kwenye jiji ambalo nyenje na barabara ya mbali peke yake vinazidi 40. Ndiyo maana kipimo chako lazima kionyeshe tofauti, si namba tupu.

Programu ya simu inatosha kwa kuanzia, si kwa mahakamani. Toa kava. Shika simu kimo cha kifua, mkono ukiwa umenyooshwa, mita tatu kutoka ukutani kama nafasi ipo, pasiwe na upepo wala mvua. Chagua wastani, unaoandikwa LAeq, kwa dakika 15, na uandike pia kilele. Ukiweza, rudia kwa kipimo cha C, kisichopuuza besi. Kipimo cha A, ambacho ndicho cha LAeq, kinapuuza besi. Kwenye hezi 50 kinapunguza desibeli 30 nzima. C ikizidi A kwa 15 hadi 20, tatizo lako ni besi, na ukileta A peke yake utaambiwa uko ndani ya kikomo huku vioo vinatikisika. Simu nyingi zenyewe hukata besi, kwa hiyo hapo utahitaji kipimo halisi cha daraja la 2, kilichosawazishwa kwa kifaa kinachotoa sauti ya desibeli 94 kabla na baada ya kupima.

Pima pia mziki ukiwa umezimwa. Tofauti ikiwa 10 au zaidi, namba ni ya mziki. Ikiwa 6 hadi 9, toa 1. Ikiwa 4 au 5, toa 2. Ikiwa 3, toa 3. Chini ya hapo huwezi kusema ni nani anayelia.

Weka daftari la wiki mbili: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kwisha, aina ya sauti, namba, chumba. Nenda nalo serikali ya mtaa kwanza, na uzungumze na mwenye chanzo mbele ya mwenyekiti; mengi yanaishia pale kwa kugeuza spika. Yasipoisha, kwa barua, afisa afya wa kata na afisa mazingira wa manispaa, nakala NEMC, taasisi ya taifa ya kusimamia mazingira. Malalamiko mengi hufa kwa sababu afisa alikuja saa tano asubuhi, baa ikiwa inafagiliwa. Omba kwa maandishi aje muda ule ulioandikwa kwenye daftari. Akifika, asipimie getini kwa baa. Mpeleke dirishani kwako, zima feni, nyamazeni kwa dakika 15, kisha aagize mziki uzimwe kwa dakika moja apime tena. Namba zote mbili ziandikwe kwenye fomu yake, na kabla hajaondoka uipige picha.